"Kansa ikiguswa na kisu inasambaa": je, baba akubali kupasuliwa?

*"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 63, ni fundi seremala hapa Tanga. Tangu mwaka jana alikuwa akiona damu akienda haja kubwa. Zahanati wakamwambia ni bawasiri, wakampa dawa za kuingiza na za kulainisha choo. Miezi tisa ikapita, akakonda mpaka suruali zinamvuka, ndipo tukampeleka Dar akapigwa kamera. Wameona uvimbe kwenye utumbo mpana upande wa kushoto, chini, na majibu ya kinyama yanasema ni saratani. CT inasema ini na mapafu ni safi. Kipimo cha damu cha CEA kimetoka 11. Daktari anataka ampasue ndani ya wiki tatu. Baba amekataa. Baba mdogo amemwambia kansa haiguswi kisu, ikipata upepo inasambaa. Jirani yake alipasuliwa utumbo na baada ya miezi sita ini lote lilikuwa limejaa. Wanataka atumie kwanza dawa za mitishamba miezi mitatu. Naomba uniambie ukweli: upasuaji unasambaza kansa? Na mimi nina miaka 38, itanipata?"*

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuuguza. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa namsikiliza baba mdogo wako zaidi kuliko wewe. Usimgombeze. Alichokiona kwa jirani alikiona kweli: mtu kaingia hospitali kwa miguu yake, kapasuliwa, nusu mwaka haujaisha macho yamekuwa ya manjano na tumbo limejaa maji. Ukiona kisu kwanza na ini baadaye, akili inaunganisha yenyewe. Mimi ni mpasuaji wa utumbo kwa zaidi ya miaka thelathini, na muda wangu mwingi nje ya chumba cha upasuaji nimeumalizia kwenye swali hilihili: ile iliyokutwa kwenye ini ilifika lini, na ilipitia wapi? Umenigusa penyewe. Univumilie nikirefusha.

Ndani ya kauli ya baba mdogo mna mambo mawili. La upepo si kweli hata kidogo. La kisu lina chembe ya ukweli ndani yake, na chembe hiyo sitakuficha.

Tuanze na upepo. Uvimbe wa mzee unaishi ndani ya bomba lenye gesi usiku na mchana. Kila anayekula maharage ni shahidi. Tena ile kamera aliyopigwa hujaza hewa utumboni makusudi, ili kuta zitanuke zionekane. Kama hewa ingekuwa ndiyo inayoiamsha saratani, ya mzee ingekuwa imeamka kabla hata hajajua anaumwa. Wala imani hii si ya Tanga peke yake. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha majibu ya wagonjwa waliowauliza katika kliniki za kifua na mapafu, na asilimia 38 waliamini kwamba saratani ya mapafu husambaa ikikutana na hewa wakati wa upasuaji. Nadhani imani hiyo ilizaliwa zamani, watu walipokuwa wakifika wamechelewa: daktari anafungua tumbo, anakuta limejaa, anafunga bila kugusa kitu, na mgonjwa anakufa baada ya wiki chache. Familia inakumbuka siku ya kufunguliwa.

Sasa tuone jinsi kitu chenyewe kinavyokua, maana hapo ndipo jibu lilipo. Saratani ya utumbo mpana haianzi kama saratani. Kwa kawaida huanza kama kijinyama kidogo kwenye ngozi laini ya ndani ya utumbo, kisichouma, kisichotoa hata damu. Seli za ngozi hiyo hujibadilisha upya kila baada ya siku chache, na katika kunakili kwingi hivyo makosa hutokea kwenye jeni. Mwaka 1990 Eric Fearon na Bert Vogelstein wa Johns Hopkins kule Baltimore walionyesha kwamba makosa hayo hujikusanya hatua kwa hatua: jeni moja ikiharibika kijinyama kinaota, nyingine ikiharibika kinanenepa, nyingine tena ndipo kinapogeuka saratani na kuanza kuchimba kwenda chini kwenye msuli. Safari hiyo mara nyingi huchukua miaka kumi hivi. Uvimbe wa mzee haukuanza mwaka jana damu ilipoonekana. Yumkini ulianza akiwa na miaka hamsini na kitu, anapiga randa na kubeba mbao kama kijana.

Ukishachimba unafika kwenye mishipa. Iko ya aina mbili. Ipo myembamba inayopeleka majimaji kwenye tezi zilizojificha ndani ya mafuta yanayoushikilia utumbo, na ipo ya damu. Damu ya utumbo mpana hairudi moyoni moja kwa moja kama ya mkono au mguu. Inakusanywa kwenye mshipa mmoja mkubwa unaoingia kwenye ini, ili chakula kilichofyonzwa kikaguliwe kwanza. Seli ya saratani ikichomoka na kuelea kwenye damu hiyo, kituo chake cha kwanza ni ini, basi. Ndiyo maana jirani yenu ini ndilo lililojaa, si mfupa wala ubongo.

Ila kufika si kuota. Stephen Paget, mpasuaji wa London, mwaka 1889 alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, akaona viungo haviathiriki kwa bahati nasibu. Akaandika habari ya mbegu na udongo: mbegu hupeperushwa kila upande, lakini huota pale tu udongo unapoikubali. Watu hawakumjali sana. Mwaka 1970 Isaiah Fidler, aliyeanza kama daktari wa mifugo, alitia alama kwenye seli za saratani na kuwadunga panya mshipani. Baada ya saa 24 zilizokuwa bado hai hazikufika hata moja kati ya mia. Damu ni mahali pagumu kwa seli iliyozoea kushikamana na wenzake. Inasukumwa, inabanwa kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe, inaviziwa na askari wa mwili. Nimeshuhudia seli zikifa hivyo kwenye vyombo vya maabara miaka mingi, na nakiri bado hunipa furaha ndogo.

Sasa turudi kwa jirani, tupige hesabu kwa vidole. Uvimbe wenye upana wa sentimita moja, ambao kipimo kinaweza kuuona vizuri, una seli kama bilioni moja. Seli moja ili iwe bilioni inahitaji kujigawa maradufu mara thelathini. Tuseme ni ya haraka mno, inaongezeka maradufu kila mwezi: hiyo ni miaka miwili na nusu. Na yeye baada ya miezi sita hakuwa na kivimbe kimoja cha sentimita. Ini lote lilikuwa limejaa. Mbegu hizo hazikupandwa siku ya upasuaji. Zilikuwa pale tayari, ndogo mno kuonekana kwa kipimo, au zilionekana na familia haikuelezwa vizuri. Mwaka 2019 kundi la Christina Curtis wa Stanford lilisoma jeni za uvimbe wa utumbo na za matawi yake ya mbali kwa mgonjwa yuleyule, kama mtu anayesoma ukoo kurudi nyuma. Kwa wengi wa wagonjwa hao ambao saratani ilikuwa imesambaa, asilimia 80 hivi, mbegu ilikuwa imeondoka wakati uvimbe wa utumboni ungali mdogo sana, kabla daktari yeyote hajaweza kuujua. Kwa wasiopata matawi, haikuondoka kabisa au iliondoka ikafa.

Kisu kilimkuta jirani safari imekwisha. Kinaweza kumkuta baba yako kabla haijaanza. Hilo hatulijui bado, na namna pekee ya kulijua ni kuutoa uvimbe na kuusoma.

Nilikuahidi chembe ya ukweli. Sisi wapasuaji wenyewe tuliwahi kuogopa kitu kilekile anachokiogopa baba mdogo. Katika miaka ya 1950 Rupert Turnbull wa Cleveland Clinic, Marekani, alihisi kwamba mikono yetu, tunapouminya na kuuvuta uvimbe, inazisukuma seli kwenye mshipa. Akaanza kufunga mishipa ya damu kwanza, kabla ya kuugusa uvimbe wenyewe, na mwaka 1967 akachapisha matokeo mazuri mno. Dunia nzima ikamwiga. Lakini alikuwa amejilinganisha na wapasuaji wenzake, na hiyo si mizani. Waholanzi wakawagawa wagonjwa kwa kura, nusu kwa njia yake na nusu kwa njia ya kawaida, wakatoa majibu mwaka 1988: tofauti haikufika kiwango cha kuthibitisha kitu. Wajapani wakarudia baadaye kwa wagonjwa zaidi ya 800, wakashindwa pia kuonyesha kwamba njia ya Turnbull inashinda. Kwa hiyo mkono wa mpasuaji huweza kweli kuachia seli kadhaa kwenye damu. Karibu zote zinakufa kama za panya wa Fidler. Mimi bado nafunga mishipa mapema. Mazoea, na haligharimu kitu.

Ikaja hofu nyingine miaka ya 1990, upasuaji wa matundu madogo, bila kufungua tumbo lote, ulipoanza: baadhi ya wagonjwa walirudi na saratani imeota kwenye tundu lenyewe ilipopita mikasi. Hilo lilikuwa kweli, na lilitutia aibu. Tukajifunza kuuweka utumbo ndani ya mfuko kabla ya kuutoa na kutouburuza. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2004, wagonjwa 872, ulikuta kuota kwenye kidonda ni chini ya asilimia moja, iwe kwa matundu au kwa kufungua tumbo. Na mpaka leo yapo mambo mawili yanayoongeza hatari ya saratani kurudi ambayo yako mikononi mwetu: kuupasua uvimbe kwa bahati mbaya ukamwagika ndani ya tumbo, na maungio ya utumbo kuvuja baada ya upasuaji. Hayatokei kwa wengi, ila yapo. Ndiyo maana nitakwambia mbele kidogo umuulize nini daktari wake.

Lakini historia ya kazi yetu inaonyesha kwamba madhara makubwa yametokana na kukata kidogo mno. Ernest Miles wa London alikuwa akiondoa saratani za puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kwa kupitia chini tu. Katika wagonjwa wake 57 ilirudi kwa 54. Wazia ujasiri wa mtu anayeandika hivyo kuhusu mikono yake mwenyewe. Akawafuatilia waliokufa, akaona saratani ilikuwa imebaki juu, kwenye mafuta na tezi ambazo hakuzitoa, na mwaka 1908 akaeleza upasuaji mpana zaidi. Miaka ya 1970 mwishoni Bill Heald wa Basingstoke akaenda mbele: mafuta yanayoizunguka puru yana kifuko chake chembamba, kama ngozi ya ndani ya yai, na ukikitoa kizima bila kukichana saratani hairudi mahali pale kwa wingi uliozoeleka. Hakubadilisha dawa wala kifaa. Alibadilisha mstari ambapo mkasi unapita.

Uvimbe wa mzee, kwa maelezo yako, uko juu ya puru, kwenye ile kona ya utumbo iliyopinda kama herufi S. Pale kazi ni nyepesi kidogo. Tunakata kipande cha utumbo chenye uvimbe pamoja na pembetatu ya mafuta yake mpaka kwenye shina la mshipa, kisha tunaunga ncha mbili. Nikuonyeshe kinachofuata, maana ndugu hawakioni. Kile kipande kinafunguliwa kwa mkasi kwa urefu, kinaoshwa, kinabanwa kwa pini juu ya ubao. Uvimbe unaonekana kama kidonda chenye kingo zilizonyanyuka, umbo la kisahani cha kahawa. Halafu mtaalamu wa patholojia anayachukua yale mafuta ya njano na kuyapapasa kwa ncha za vidole, taratibu, kama bibi anayechambua mchele gizani. Anatafuta tezi. Nyingine ni kubwa kama punje ya maharage, nyingi ni kama choroko au ndogo zaidi. Anatakiwa apate angalau 12. Akipata nne akasema zote safi, hajatuambia kitu. Nilipokuwa kijana nilikaa naye mezani jioni nyingi, na nilijifunza kwamba hatima ya mgonjwa niliyemwona asubuhi imo kwenye ile choroko.

Kwa nini? Mwaka 1932 Cuthbert Dukes wa hospitali ya St Mark's, London, aliwapanga wagonjwa wa saratani ya puru kwa jambo hilo: uvimbe umeishia ndani ya ukuta, umevuka ukuta, au umefika kwenye tezi. Mpango wetu wa sasa wa hatua ni mjukuu wa ule wake. Takwimu za Marekani zinasema saratani ya utumbo ikikutwa bado iko mahali pake, takriban watu 90 kati ya 100 wanafika miaka mitano; ikiwa imefika kwenye tezi za jirani, zaidi kidogo ya 70; ikiwa imefika mbali kama kwenye ini, 15 hivi. Ni za nchi yenye vifaa vingi kuliko sisi, zichukue kama dira tu. Ila angalia umbali kati ya 90 na 15, kisha ufikirie ile miezi mitatu.

Na hiyo miezi mitatu tuizungumze waziwazi. Wiki tatu au nne za kujipanga, kutafuta damu, kukamilisha bima na kumjenga mwili hazibadilishi kitu kikubwa. Asikutie mtu kiwewe. Miezi mitatu ni habari nyingine, na kinachonitisha zaidi hapo si hata kusambaa. Ni kuziba. Upande wa kushoto utumbo ni mwembamba na choo kimeshakuwa kigumu. Uvimbe unaozunguka ukuta unabana kama mkanda, na siku moja hakuna kinachopita. Hapo atapasuliwa usiku, tumbo limevimba, mwili umekauka maji, na daktari wa zamu ndiye aliyepo. Upasuaji wa dharura wa namna hiyo unaua watu wengi kuliko uliopangwa, na mara nyingi unamwachia mgonjwa mfuko wa choo tumboni ambao angeuepuka. Dawa nyingi za mitishamba za "kusafisha tumbo" ni za kuharisha. Kumpa mtu dawa ya kuharisha wakati njia imebana ni kuusukuma mto kwenye ukuta. Utumbo hupasuka. Nimewahi kuufungua tumbo la namna hiyo, na sitaki kukueleza nilichokikuta. Sidharau miti; dawa kadhaa tunazotumia kwenye saratani zimetoka kwenye mimea. Lakini sijapata kuona mzizi uliouondoa uvimbe wa utumbo, na nimewaona wengi waliokwenda kuutafuta. Kama mzee anataka chai yake ya mchaichai na dua za shehe, ampate shehe na mchaichai. Chochote kingine akitaje kwa daktari wa usingizi kabla ya upasuaji, maana vingine huongeza kutoka damu.

Njia yenyewe ya kupasua, matundu au kufungua, isiwaumize kichwa. Ikifanywa na mzoefu matokeo ya saratani yanalingana. Matundu hupunguza maumivu na siku za kulala. Mpasuaji anayefungua tumbo vizuri kila wiki ni bora kuliko anayejaribu matundu mara ya tatu. Muulize hivi, kwa adabu: ameshafanya ngapi kama hizi, tezi zinazopatikana kwa kawaida ni ngapi, maungio yakivuja atafanya nini na nani anakuwepo usiku. Mpasuaji mwema hakasiriki kwa maswali hayo. Akikasirika, mna haki ya kuomba maoni ya pili Muhimbili, KCMC au Bugando.

Kuhusu mfuko wa choo: kwa uvimbe ulipo, akipasuliwa kwa mpango, uwezekano mkubwa ni kwamba hatauhitaji, au atauhitaji kwa miezi michache maungio yapone. Huenda hofu yake ya kweli ni hii, na wazee hawaisemi. Atasalije? Ataingiaje msikitini au kanisani? Mtafutie mtu anayeishi nao akakae naye saa moja. Turnbull yuleyule alilijua hili: alimwajiri mgonjwa wake, Norma Gill, aliyekuwa na tundu la tumbo mwenyewe, ili awafundishe wengine, na kutoka kwao wawili ikazaliwa taaluma nzima ya wauguzi wa kazi hiyo.

CEA ya 11 isiwalaze macho. Ni protini waliyoigundua Phil Gold na Samuel Freedman kule Montreal mwaka 1965. Kwa asiyevuta sigara kawaida huwa chini ya 5, na wavutaji hupanda kidogo hata bila ugonjwa. Kumi na moja haisemi kwamba imesambaa. Faida yake ni ya kulinganisha: wiki nne hadi sita baada ya upasuaji tunapima tena, na tunataka ishuke. Ikishuka kisha ikapanda tena miezi ya mbele, inatuamsha tutafute mapema. Msipasuliwe bila kuwa na namba hiyo kwenye faili. Bahati nzuri mnayo.

Tezi zikikutwa na saratani, atashauriwa dripu za kemo, na zianze ndani ya wiki nane hivi. Kazi yake ni zile mbegu zilizokwisha ondoka ambazo kisu hakizifikii. Mwaka 1990 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza bila ubishi kwamba kwa wagonjwa wa hatua hiyo dawa baada ya upasuaji zinapunguza vifo kwa karibu theluthi moja, na zimeboreshwa tangu hapo. Zinachosha, zinatia ganzi vidoleni. Kwa seremala hilo si dogo, amwambie daktari kazi yake ili dozi ipangwe kwa kuijua. Tezi zikiwa safi huenda asihitaji kabisa. Na ikiwa siku moja kivimbe kitaonekana kwenye ini, bado si mwisho: kikiwa kimoja au vichache, kwa waliochaguliwa vizuri, tunakata kipande cha ini na ini linaota tena, na kati ya theluthi na nusu ya hao hufika miaka mitano. Ndiyo sababu ya kufuatiliwa: damu kila miezi mitatu hadi sita, CT kila mwaka, na kamera tena baada ya mwaka mmoja.

Mnapoendelea kujadiliana nyumbani, kuna dalili ambazo hazingoji kikao cha ukoo. Tumbo likivimba na kuuma kwa mafundo, asipotoa choo wala upepo kwa siku nzima, akitapika, akitoka damu nyingi mpaka kizunguzungu, au tumbo likawa gumu kama ubao na homa: mpelekeni hospitali ya Bombo usiku huohuo, msimpe kitu mdomoni njiani, na mbebe majibu yote ya kamera na CT.

Namna ya kuongea naye. Usianze na takwimu zangu. Mwambie baba mdogo aje nanyi kliniki, akae kiti cha mbele, amuulize daktari mwenyewe habari ya upepo. Mtu aliyeuliza na kujibiwa kwa heshima huwa mtetezi wako. Na mzee mpe mfano wa kazini kwake: mchwa akiwa kwenye mlingoti mmoja wa kenchi, fundi hasemi tusiuguse wataenda kwenye mwingine. Anautoa, na anautoa pamoja na mbao ya kando yake, halafu anaukagua uliobaki kwa kuugonga. Nimewahi kulitumia hilo kwa fundi mwingine. Alicheka, akauliza msumeno wangu una meno mangapi, akatia saini.

Sasa wewe. Watu watakuambia ni ugonjwa wa wazungu, na hawakulitoa hewani. Denis Burkitt, mpasuaji wa Ireland aliyefanya kazi Uganda, Mulago, tangu miaka ya 1940 hadi ya 1960, aliiona saratani hii mara chache sana kwa wanavijiji, na mwaka 1971 akaandika kwamba sababu ni chakula chetu chenye nyuzinyuzi nyingi. Alikuwa na sehemu ya haki. Ila chakula chake kile hatukili tena kama zamani, tunakaa zaidi, tunanenepa, na duniani mwaka 2020 pekee waligundulika watu milioni 1.9 na ushei. Wodini kwangu wapo wa miaka thelathini na kitu.

Kuwa na mzazi mwenye ugonjwa huu hukuongezea hatari takriban mara mbili ya mtu mwingine. Si hukumu, wengi wa watoto wa wagonjwa hawaupati. Kamera yako ya kwanza iwe ukifika miaka 40, yaani baada ya miaka miwili, na ndugu zako vilevile. Kijinyama kikionekana kinatolewa palepale kwa waya, na safari ile ya miaka kumi inakatikia hapo. Ukiona damu, choo kikabadilika kwa wiki kadhaa, au ukaambiwa una upungufu wa damu usioeleweka, usingoje 40, wala usikubali jina la bawasiri kabla mtu hajaingiza kidole chenye glovu na kuangalia. Kwa mzee hilo halikufanyika miezi tisa.

Wachache wana aina ya kurithi kabisa, karibu watu 3 kati ya 100 wenye saratani hii kwa ile inayoitwa Lynch. Waulize shangazi na bibi kama yupo aliyeugua utumbo au mji wa mimba kabla ya miaka 50. Na mwambie daktari aombe kinyama cha mzee kipimwe zile protini zinazorekebisha makosa ya jeni. Kile kipande kinahifadhiwa ndani ya nta, hakiozi, kinaweza kupimwa hata mwakani. Kama hospitali haina kipimo hicho, ombeni nta mkabidhiwe kwa barua ya rufaa ipelekwe penye nacho.

Akishapasuliwa niandikie tena. Nitakuuliza namba mbili kabla ya salamu: tezi zilipatikana ngapi, na zenye saratani ni ngapi.